Lori Linapochemsha Mlimani: Joto, Kazi na Namna ya Kutafuta Chanzo



Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, baada ya kupita Mikumi na Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda mlima Kitonga. Barabara inapinda, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Malori yanayotoka bandarini kuelekea Tunduma, Zambia na Kongo hupanda polepole, moja nyuma ya jingine. Mara kwa mara utaona moja limesimama pembeni, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu, mvuke unatoka mbele. Madereva husema, "Gari limechemsha."

Lori hilo limetembea zaidi ya kilomita 300 tangu Dar es Salaam. Kwa nini lichemshe hapa? Nikiwauliza wanafunzi wangu swali hili, wengi hujibu, "Kwa sababu injini inafanya kazi sana." Jibu hilo si kosa, lakini halijakamilika. Katika mada hii utaunganisha mambo uliyosoma katika sura za kazi na nishati, usafirishaji wa joto na kuchemka kwa vimiminika. Kisha utayatumia kama fundi anavyoyatumia: kutafuta chanzo cha tatizo kabla ya kufungua hata nati moja.

WAZO KUU

Fikiria pipa lililo chini ya bomba, nalo lina tundu chini. Maji yakiingia kwa kasi ileile yanayotoka, kina hakibadiliki. Yakiingia kwa kasi zaidi, kina kinapanda. Injini ni hivyo hivyo. Halijoto yake hupanda pale joto linaloingia kwenye maji ya kupoozea kwa kila sekunde linapozidi joto linalotoka. Kwa hiyo maswali ya msingi ni mawili tu: je, joto linaloingia limezidi? Au joto linalotoka limepungua? Mlimani, mara nyingi yote mawili hutokea kwa pamoja.

1. JOTO LINALOINGIA

Tuchukue lori na tela lake lenye tungamo la kilo 48,000 pamoja na mzigo. Barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100 za urefu wake. Msuguano wa matairi na ekseli ni 3,200 N. Lori linapanda kwa mwendo wa 5 m/s, yaani kilomita 18 kwa saa. Chukua g = 10 N/kg.

Uzito wa lori = 48,000 × 10 = 480,000 N
Kani ya kupandisha uzito huo kwenye mwinamo = 480,000 × 6/100 = 28,800 N
Kani yote = 28,800 + 3,200 = 32,000 N

Kazi inayofanyika kwa kila sekunde tunaiita uwezo, na kipimo chake ni wati:
Uwezo = kani × mwendo = 32,000 × 5 = 160,000 W

Sasa lipeleke lori hilohilo tambarare kwa 20 m/s, yaani kilomita 72 kwa saa. Mwinamo haupo, lakini upepo unaongeza ukinzani wa 1,800 N. Kani yote ni 5,000 N, na uwezo ni 5,000 × 20 = 100,000 W.

Umeona? Lori linatembea robo tu ya mwendo wa tambarare, lakini injini inatoa uwezo mkubwa zaidi kwa asilimia 60.

Injini ya dizeli haigeuzi nishati yote ya mafuta kuwa kazi. Kwa makadirio, asilimia 40 huwa kazi, asilimia 25 huingia kwenye maji ya kupoozea, na sehemu kubwa ya inayobaki hutoka na moshi kwenye ekzosi. Basi:

Mlimani: nishati ya mafuta = 160,000 ÷ 0.40 = 400,000 W; joto linaloingia kwenye maji = 100,000 W
Tambarare: nishati ya mafuta = 100,000 ÷ 0.40 = 250,000 W; joto linaloingia kwenye maji = 62,500 W

2. JOTO LINALOTOKA

Joto husafiri kwa hatua nne. Likiwa ndani ya silinda, hupita kwenye chuma kwa mpitisho na kufika kwenye maji. Pampu husukuma maji hayo hadi kwenye rejeta. Huu ni myuko wa kulazimishwa. Ndani ya rejeta, joto hupita tena kwenye kuta nyembamba za mirija na mapezi yake kwa mpitisho. Mwisho, hewa inayopita kati ya mapezi hulibeba na kuondoka nalo. Huu nao ni myuko.

Zingatia: jina la rejeta limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kunururisha, lakini usidanganywe na jina. Joto linalotoka humo kwa mnunurisho ni kidogo. Kazi kubwa inafanywa na hewa. Hewa isipopita, rejeta haipoozi.

Joto ambalo maji yanaacha kwenye rejeta kwa kila sekunde unalipata hivi:

Joto kwa sekunde = kilo za maji zinazopita kwa sekunde × 4,200 × tofauti ya halijoto

4,200 ni idadi ya jouli zinazohitajika kupandisha halijoto ya kilo 1 ya maji kwa 1 °C. Ikiwa pampu inazungusha kilo 4 kwa sekunde na joto la kutoa ni 100,000 W, tofauti kati ya maji yanayoingia kwenye rejeta na yanayotoka ni 100,000 ÷ (4 × 4,200), yaani karibu 6 °C. Iweke namba hii kichwani; tutaihitaji.

3. KWA NINI MLIMA UNAFICHUA UGONJWA

Mlima unaleta mambo matatu kwa wakati mmoja.

(a) Joto linaongezeka, kama tulivyokokotoa: kutoka 62,500 W hadi 100,000 W.

(b) Upepo unapungua. Tambarare lori linakutana na hewa kwa 20 m/s. Mlimani ni 5 m/s tu. Upungufu huo lazima ufidiwe na feni.

(c) Kiwango cha kuchemka kinashuka. Ukipanda juu, kanieneo ya hewa hupungua. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya kwenye sufuria iliyo wazi huchemka karibu na 95 °C badala ya 100 °C. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta una springi. Mfuniko unaozuia presha ya 100 kPa juu ya ile ya hewa huwezesha maji yasichemke hadi yapite 115 °C hata kwenye mwinuko huo.

Kwa hiyo rejeta iliyoziba kidogo inaweza kukutoa Dar es Salaam hadi Mikumi bila dalili yoyote. Mlima haukuuharibu mfumo. Umeudai uwezo wake wote, na ukakuta haupo.

4. SINDANO YA GEJI INAKUAMBIA NINI

Tuseme injini ina maji kilo 40 na chuma kilo 1,000. Kilo 1 ya chuma huhitaji jouli 460 kupanda 1 °C.

Joto la kupandisha injini nzima 1 °C = (40 × 4,200) + (1,000 × 460) = 168,000 + 460,000 = 628,000 J
Joto la kuipandisha kutoka 85 °C hadi 105 °C = 628,000 × 20 = 12,560,000 J

Kesi ya kwanza: maji yamesimama au feni imekufa, na karibu joto lote 100,000 W linabaki ndani. Muda = 12,560,000 ÷ 100,000 = sekunde 126, kama dakika 2. Kwa 5 m/s, lori limetembea mita 630 tu.

Kesi ya pili: rejeta imepoteza sehemu ndogo ya uwezo wake, na ziada ni 10,000 W. Muda = 12,560,000 ÷ 10,000 = sekunde 1,256, kama dakika 21. Lori limepanda zaidi ya kilomita 6.

Haya ni makadirio, kwa sababu rejeta yenye joto zaidi hutoa joto zaidi. Lakini funzo linabaki: sindano iliyoruka ghafla inaonyesha kitu kimekatika, kimekwama au kimevuja. Sindano iliyotambaa taratibu inaonyesha kitu kimechoka au kimeziba. Dereva anayeweza kukuambia sindano ilipanda kwa dakika ngapi amekwisha kukupa nusu ya jibu.

5. HATUA ZA KUTAFUTA CHANZO

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Fuata mpangilio huu, na katika mtihani andika hatua zako kwa mpangilio huo huo.

Hatua ya 1: Je, ni kweli limechemsha? Ukigeuza ufunguo injini ikiwa baridi na sindano ikaruka moja kwa moja hadi kwenye nyekundu, tatizo ni waya au kipimo chenyewe. Injini haipati joto kabla ya kuwaka.

Hatua ya 2: Linachemsha wapi?
– Kwenye foleni au likiwa limesimama huku linanguruma: upepo haupo, kwa hiyo shuku feni, mkanda wake au klachi yake.
– Hata tambarare kwa mwendo mkubwa: upepo upo wa kutosha, kwa hiyo shuku mzunguko wa maji, yaani pampu, thamostati, au rejeta iliyoziba ndani.
– Muda mfupi tu baada ya kuwashwa: shuku maji pungufu, thamostati iliyokwama ikiwa imefunga, au gasketi ya silinda hedi.
– Mlimani na mzigo tu: mfumo unafanya kazi, ila hautoshi. Nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3: Je, maji yanapungua? Kama ndiyo, yanakwenda wapi? Tazama mipira, viungio na chini ya pampu. Usipoona uvujaji nje, angalia oili: ikiwa na rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia humo. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta injini ikinguruma yanaonyesha gesi inaingia kwenye maji, mara nyingi kupitia gasketi iliyoungua. Kwenye malori kuna mshukiwa mwingine ambaye wengi humsahau: kompresa ya breki za upepo. Nyingi hupozwa na maji ya injini, na gasketi yake ikiharibika husukuma hewa kwenye maji. Fundi asiyelijua hili anaweza kufungua silinda hedi nzima bure.

Hatua ya 4: Linganisha mpira wa juu na mpira wa chini wa rejeta. Hapa ndipo ile tofauti ya 6 °C inapofanya kazi. Pima halijoto ya mipira yote miwili injini ikiwa imebeba mzigo.
– Tofauti ndogo kuliko kawaida, na maji ni ya moto sana: maji yanapita lakini hayaachi joto lake. Tatizo liko upande wa hewa. Angalia vumbi, majani na wadudu kati ya mapezi, hasa katika nafasi iliyo kati ya intakula na rejeta ambayo haionekani kwa mbele. Sikiliza pia feni. Klachi yake inaposhika hutoa mngurumo mkubwa unaosikika hadi kabini. Sindano ikiwa juu na mngurumo haupo, klachi haishiki.
– Tofauti kubwa kuliko kawaida: maji machache yanapita, na hayo machache yanapoa sana. Tatizo liko upande wa maji. Shuku pampu iliyolika, mkanda unaoteleza, thamostati isiyofunguka yote, mpira wa chini unaonywea kwa mvuto wa pampu, au ukoko mweupe ndani ya mirija. Ukoko huo ni ule ule unaouona ndani ya birika la chai. Hutokana na maji yenye chumvichumvi, na hupitisha joto vibaya kuliko chuma.

Hatua ya 5: Je, joto linaloingia limezidi bila sababu? Breki inayokwaruza bila kuachia huongeza kani ya kushinda. Chujio la hewa lililoziba huleta moshi mweusi na joto zaidi kwa kazi ileile. Na kuna uzito: katika nchi za Afrika Mashariki lori na tela lake haliruhusiwi kuzidi jumla ya tani 56. Rudia hesabu ya sehemu ya 1 kwa tani 60 uone mwenyewe.

Hatua ya 6: Maji yamechemka lakini geji haikufika kwenye nyekundu? Shuku mfuniko wa rejeta. Springi iliyochoka haishiki presha, na maji huchemka mapema. Ni kifaa cha bei ndogo. Kipime kabla ya kulaumu vingine.

6. MAKOSA MATATU YA HATARI

Kosa la kwanza: kufungua mfuniko wakati wa moto. Nikiwa mwanafunzi wa chuo nilipewa lifti ya lori kupanda mlima, na likachemsha. Utingo, kijana wa umri wangu, alichukua kitambaa akafungua mfuniko. Dereva alikuwa amemwambia asubiri, lakini hakumwambia kwa nini. Aliungua mkono na kifua, na tulimfikisha hospitali usiku.

Hii ndiyo sababu ambayo hakuambiwa. Maji kilo 40 yaliyo 110 °C hayajachemka kwa kuwa presha imeyazuia. Ukiiondoa presha mahali ambapo kiwango cha kuchemka ni 95 °C, kuna ziada ya 15 °C. Ziada hiyo ni 40 × 4,200 × 15 = 2,520,000 J. Kilo 1 ya maji huhitaji karibu 2,260,000 J kuwa mvuke, kwa hiyo zaidi ya kilo 1 inageuka mvuke papo hapo. Kilo moja ya mvuke hujaza lita 1,700 na zaidi, na yote inatokea kwenye tundu dogo lililo mbele ya uso wako, ikirusha maji ya moto. Subiri hadi mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuumia. Hakuna mzigo wenye haraka kuliko ngozi yako.

Kosa la pili: kumwaga maji baridi kwenye injini ya moto. Chuma husinyaa kinapopoa. Kikipoa upande mmoja haraka kuliko mwingine, silinda hedi hupinda au kupasuka.

Kosa la tatu: kung'oa thamostati "ili maji yapite vizuri". Katika injini nyingi thamostati ina kazi mbili: kufungua njia ya kwenda rejeta na kufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kufika kwenye rejeta. Matokeo yake injini inakuwa baridi mno tambarare na bado inachemsha mlimani.

7. DEREVA AFANYE NINI

Sindano ikianza kupanda, dereva apunguze gia mapema na aende polepole zaidi. Kani ya mlima haibadiliki, lakini uwezo ni kani × mwendo; mwendo ukipungua, joto linapungua. Zaidi ya hapo, katika gia ndogo injini inazunguka haraka, na pampu na feni, ambazo huzungushwa na injini, zinazunguka haraka pia. Kupanda kwa gia kubwa huku injini inalalamika ni kinyume chake: joto jingi, maji na hewa kidogo. Akilazimika kusimama, aegeshe mahali salama, aweke vizuizi vya magurudumu na pembetatu, na kama maji yapo na hayavuji, aiache injini ingurume bila mzigo dakika chache ili maji yaendelee kuzunguka. Kama maji yamekwisha, aizime.

SWALI LA MFANO

Lori lenye injini ya sehemu ya 4 linapanda mlima. Joto linaloingia kwenye maji ni 100,000 W, na pampu inazungusha kilo 4 kwa sekunde. Mpira wa juu una 104 °C na wa chini 99 °C. Feni inanguruma, maji hayajapungua. (a) Rejeta inatoa joto kiasi gani kwa sekunde? (b) Injini ilichukua muda gani kupanda kutoka 85 °C hadi 105 °C? (c) Taja chanzo kinachoelekea zaidi na utoe sababu.

Jibu:
(a) 4 × 4,200 × 5 = 84,000 W
(b) Ziada = 100,000 − 84,000 = 16,000 W. Muda = 12,560,000 ÷ 16,000 = sekunde 785, kama dakika 13.
(c) Mapezi ya rejeta yameziba kwa nje. Tofauti ya halijoto ni ndogo kuliko 6 °C, hivyo maji yanapita bila kuacha joto la kutosha. Feni inafanya kazi na maji hayavuji, kwa hiyo hewa inazuiwa kwenye rejeta. Sindano iliyopanda taratibu inathibitisha kwamba ni kuziba, wala si kukatika kwa kitu.

ZOEZI

1. Lori lenye tungamo la kilo 40,000 linapanda mwinamo wa mita 5 kwa kila mita 100. Msuguano ni 3,000 N. Tafuta uwezo unaohitajika kwa (a) 6 m/s, (b) 4 m/s. Eleza majibu haya yanamfundisha nini dereva.
2. Rejeta inatoa joto 90,720 W, na tofauti kati ya mpira wa juu na wa chini ni 18 °C. Maji kilo ngapi yanapita kwa sekunde? Taja vyanzo viwili vinavyowezekana.
3. Maji yalichemka na kumwagika geji ikionyesha 97 °C tu. Eleza.

MAJIBU

1. Kani yote = 20,000 + 3,000 = 23,000 N. (a) 138,000 W. (B) 92,000 W. Kupunguza mwendo kwa theluthi moja kunapunguza uwezo, na hivyo joto, kwa theluthi moja.
2. 90,720 ÷ (4,200 × 18) = kilo 1.2 kwa sekunde. Mkanda wa pampu unateleza. Thamostati haifunguki yote (au pampu imelika, au mirija ina ukoko).
3. Mfuniko wa rejeta haushiki presha. Kwenye mwinuko mkubwa maji yasiyo na presha ya ziada huchemka chini ya 100 °C.